Kobe mchanga na beseni lake: mwongozo kwa mfugaji mgeni

Baraka aliingia nyumbani kwangu akiwa na gramu 38. Nilimweka juu ya mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Akaficha kichwa, mizani ikasoma, kisha akakojoa. Jina alipewa na binti yangu: eti kwa kuwa haraka hana, baraka lazima anayo.

Ni kobe chui, wale wenye madoa meusi juu ya gamba la rangi ya mchanga. Tuliokulia Kondoa tulikuwa tukikutana nao njiani baada ya mvua za kwanza, tunawapisha, basi. Sikuwaza kwamba siku moja nitamnunua mmoja Uingereza na kumlipia umeme. Lakini hapa Reading ndivyo ilivyo: wafugaji wanawazalisha, watu wanawanunua, na nimeshawaona wakifia mikononi mwa watu wanaowapenda sana. Si kwa njaa. Wanakauka. Kwa hiyo humu utaona nimeandika mengi kuhusu maji kuliko kuhusu chakula, na ni kwa makusudi.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Ukiwa Tanzania au Kenya, usiokote kobe porini na kumpeleka nyumbani, hata kama amekatiza uani kwako. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya 2013 zinataka kibali, na bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ulikuwa unamwonea huruma. Kobe wa porini pia huja na minyoo na uoga ambao mfugaji mgeni hawezi kuumudu.

Uingereza, kobe wa Mediterania kama Hermann huuzwa na cheti maalumu. Kobe chui hahitaji cheti hicho, lakini dai risiti na maelezo ya mzalishaji, uyatunze. Ukiambiwa "huyu kaletwa juzi kutoka Afrika", ondoka.

Jiulize pia swali moja la kifamilia: nani atamrithi? Akitunzwa vizuri huishi miaka hamsini na kupita, na anaweza kufikia kilo kumi na zaidi. Hauchukui mnyama wa kutoshea mfukoni.

Hatua ya 2: Makazi yawe tayari siku tatu kabla

Siku tatu hizo ni za kupima joto, si za kupamba.

Kwa kobe wa mwaka wa kwanza napendelea sanduku lililofunikwa kuliko meza ya wazi, kwa sababu nyumba zenye hita hukausha hewa kama bati la paa. Urefu wa sentimita 120 kwa upana wa 60 unatosha kwa muda. Kama ni la kioo, bandika karatasi upande wa chini kuzunguka lote. Kobe haelewi kioo. Ataona sebule, atataka kwenda sebuleni, na atasukuma pua hapo mpaka ichubuke.

Chini weka mchanganyiko wa usumba wa nazi na udongo wa bustani usiotiwa mbolea wala dawa, kina cha sentimita nane hivi. Usumba huuzwa umeshindiliwa kama tofali. Ukiutia maji unaumuka. Chota konzi moja, uibane: ikishikana bila kuchuruzika, hapo pana unyevu unaotakiwa. Ikimomonyoka mkononi, ongeza maji pembeni mwa sanduku, yazame chini, juu pabaki pakavu kidogo. Mchanga mtupu usitumie. Wakiumeza pamoja na chakula unaziba utumbo.

Kobe hana joto lake mwenyewe, analikopa. Kwa hiyo sanduku liwe na pande mbili: upande wa taa ya kuota, nyuzi 32 hadi 35 pale gamba linapofika, na upande wa baridi, kama nyuzi 25. Usiku usishuke chini ya 20; mimi nina kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, kimeunganishwa na thamostati, kifaa cha kudhibiti joto. Usikisie. Nunua vipimajoto viwili, kimoja kila upande, na kipimo cha unyevu. Unyevu wa asilimia 70 hivi unamfaa mtoto wa kobe.

Halafu taa ya UVB, yaani ya mionzi isiyoonekana kama ile iliyomo kwenye jua, ambayo watu wanaikwepa kwa sababu ya bei. Mionzi hiyo ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu anayokula inapita tu. Gamba linalainika, taya linalegea, miguu inapinda. Iwake saa 12 kwa siku, umbali ufuate maelezo ya mtengenezaji, na balbu ibadilishwe kila baada ya mwaka hata kama bado inang'aa, maana mionzi huisha kabla ya mwanga. Kumweka dirishani si kumuotesha jua: kioo huzuia UVB, na sanduku la kioo kwenye jua linageuka jiko. Mwenye kibali chake Arusha au Nakuru jua analo bure, ila lazima kobe awe na kivuli anachoweza kukifikia mwenyewe.

Mwisho, pango. Chungu cha maua kilichopasuka nusu, kilichozikwa kidogo upande wa baridi, udongo wa ndani ukiwa na unyevu zaidi. Atalala humo.

Hatua ya 3: Beseni

Aliyeniuzia Baraka aliniambia: "Huyu ni mnyama wa nchi kavu, maji yatampa mafua." Nikaamini, kwa sababu nami niliwaona Kondoa katika vumbi. Nilichosahau ni kwamba kobe niliowaona walikuwa wakubwa. Vitoto vyao havionekani kirahisi. Vinajichimbia chini ya majani na kwenye vichaka, mahali ambapo udongo una unyevu, na kuibuka kwa wingi wakati wa mvua.

Baada ya miezi miwili, vipande vya gamba lake vilianza kuinuka, kimoja kimoja, kama matuta ya viazi. Mkojo wake ulitoka na kitu cheupe kigumu, nikikisaga kati ya vidole kinakwaruza kama chaki. Daktari alinieleza bila kunionea haya: figo zinabana maji, chumvi za mkojo zinaganda, zikikomaa zinakuwa jiwe. Na matuta yale hayatokani na chakula pekee kama wengi wanavyosema. Utafiti wa Austria uliochapishwa 2003, kuhusu kobe wa aina kubwa wa ukanda wa Sahel, ulionyesha kuwa hewa kavu ndiyo mchangiaji mkubwa kuliko hata protini.

Tangu siku hiyo nafanya hivi:

Beseni lisiloonyesha upande wa pili, lenye kuta zilizosimama. Maji ya uvuguvugu. Jaribu kwa kiwiko kama unavyompimia mtoto mchanga. Kina kifike pale gamba la juu linapokutana na la tumbo, asiogelee, kichwa kikae nje bila kujitahidi. Dakika 15 hadi 20, kila siku kwa mwaka wote wa kwanza, asubuhi ili apate kukauka chini ya taa. Maji yakipoa, badilisha. Usiende kupokea simu.

Utamwona anainamisha shingo, anatumbukiza pua yote, na koo linapandashuka. Anakunywa. Dakika chache baadaye atachafua maji, na hapo ndipo unapaswa kuangalia badala ya kumwaga haraka. Kile cheupe kikiwa laini kama uji mwepesi, sawa. Kikiwa na chembechembe, ongeza beseni la jioni na ukague unyevu wa sanduku.

Ndani ya sanduku abaki pia na kisahani kifupi cha maji ambacho hawezi kupindukia. Atakinyea. Osha kila siku.

Hatua ya 4: Chakula

Kobe chui ni mla nyasi, kama mbuzi asiyeruka. Ukoka, nyasi changa, majani na maua ya dandelion, majani ya waridi, maua ya hibiskasi, kipande cha mpungate kilichotolewa miiba. Mdomo wa mtoto hauwezi nyasi ngumu, kwa hiyo zikate kwa mkasi ziwe fupi kama chai ya majani, uchanganye na kitu laini. Rundo la ukubwa wa gamba lake kwa siku linatosha.

Mchicha na spinachi mpe mara moja moja, maana vina oksaleti inayoshika kalsiamu. Matunda acha. Mkate, wali, ugali, maharage, nyama, chakula cha mbwa: hapana, na waambie wageni, hasa shangazi zake wa kujipachika wanaokuja na ndizi mbivu.

Nyunyizia chakula unga wa kalsiamu, chembe tu, mara tatu au nne kwa wiki, na mwachie ule mfupa mweupe wa ngisi dome atafune apendapo. Andalia juu ya kigae bapa, kinamnoa mdomo.

Hatua ya 5: Mizani, daftari na daktari

Mpime kila Jumapili, kabla ya beseni, andika. Kuongezeka polepole ni kuzuri. Kushuka wiki mbili mfululizo ni habari.

Asipokula, kabla ya kuogopa kagua joto. Mara nyingi balbu imeungua au thamostati imehama. Joto likiwa sawa na bado hali siku ya tatu, au ukiona mapovu puani, macho yaliyovimba, anapumua kwa kunyoosha shingo, au gamba linazidi kuwa laini wakati lilipaswa kukaza, mpeleke kwa daktari anayejua wanyama watambaao. Mtafute huyo kabla hujamhitaji, si kila daktari wa mbwa anawajua.

Na hili liandike ukutani: ivermectin, dawa ya minyoo tuliyozoea kuwachoma mbuzi na ng'ombe, ni sumu kwa kobe. Asipewe, hata tone, hata na mtu mwenye uzoefu wa mifugo.

Jambo jingine la wafugaji wa huku: watakushauri umlaze kwenye friji msimu wa baridi. Wanazungumzia kobe wa Mediterania. Kobe chui halali usingizi wa baridi; ukimlaza unamuua. Taa zake ziwake Desemba kama zinavyowaka Juni.

Hatua ya 6: Mikono

Kobe aliyependeza kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Osha mikono kwa sabuni baada ya kumshika, na beseni lake lisioshwe kwenye sinki la vyombo. Marekani ilipiga marufuku tangu 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba chini ya inchi nne kama wanyama wa kufugwa, kwa sababu watoto walikuwa wanaugua.

Mshike kwa mikono miwili, chini karibu na sakafu. Akipinduka mgongo chini ya taa anaweza kufa kwa joto, kwa hiyo ondoa mawe yenye kingo ambayo atajaribu kuyapanda. Na akae peke yake. Wawili wakionekana "wamekumbatiana", mara nyingi mmoja anamnyima mwenzake taa na chakula.

Baraka sasa ana miaka mitatu na kilo moja na robo. Ukipitisha kidole mgongoni mwake, matuta ya miezi ile miwili bado yapo katikati ya kila kipande, na kuyazunguka, pete kwa pete, gamba limelala laini. Beseni tumebadilisha mara tatu. La sasa ndilo tulilokuwa tunamwogeshea binti yangu.