Sare za kazi, kanga za nyumbani: kushona mfarishi wa kumbukumbu

Mtu aliyewahi kuwa mwalimu, kisha karani, kisha mama ntilie, huku akilea watoto wanne, huwa na sanduku la nguo ambazo hazivai wala hazigawi. Nguo hizo zinatosha mfarishi wa viraka: vipande vya juu, tabaka la joto katikati na kitambaa cha mgongo, vyote vimeshikwa kwa mishono. Vipimo vya hapa ni vya mfarishi wa sm 150 kwa 186, unaofunika mtu mzima mmoja.

Usianze na mkasi. Kaa na mwenye nguo, mzitoe moja moja, na uulize hii ilivaliwa wapi, mwaka gani, na nani alikuwepo. Andika jibu kwenye karatasi na uibane kwa pini kwenye nguo hiyohiyo. Piga picha kila nguo ikiwa nzima. Kama mwenyewe ni marehemu, subiri nguo zigawiwe na wanafamilia wakubaliane nani anachukua nini. Kanga ikishakatwa hairudi, na shangazi aliyekuwa anaitaka hatasahau.

Unahitaji vipande 20. Mpangilio unaosomeka vizuri ni safu 5 za vipande 4, kila safu ikiwa kipindi kimoja cha maisha: masomo, kazi ya kwanza, ndoa na watoto, kazi zilizofuata, kustaafu. Kushoto weka vya kazini (sare ya uuguzi, kaki, fulana za Mei Mosi), kulia vya nyumbani (kanga, kitenge cha sare ya harusi, gauni la mtoto). Usilazimishe usawa. Kazi ya miaka 25 ikichukua vipande 6 na ya miaka 2 ikapata kimoja, ndivyo ilivyokuwa.

Fua kila kitu kabla ya kukata, hata kilicho kisafi, ili kinachosinyaa kisinyae sasa. Kanga na vitenge vipya vyekundu, vyeusi na vya buluu iliyokolea vifue peke yake kwa maji baridi, kisha kandamiza kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake. Kikichukua rangi, rudia kufua. Chumvi na siki havizuii rangi kuchuja, ingawa wengi huapa kwa hivyo. Kitambaa kisichoacha kuchuja kiache nje, maana kitatia doa sare nyeupe iliyo jirani yake.

Kisha imarisha vitambaa. Hatua hii ndiyo huamua kama mfarishi utalala bapa au utajikunja, na ndiyo watu wanaoiruka. Fulana huvutika, kwa hiyo bandika nyuma yake kitambaa chepesi chenye gundi ya pasi. Weka pasi, kandamiza sekunde 10 hadi 15, nyanyua, hamia pembeni. Ukiisugua, unavuta fulana na gundi inashika ikiwa imepinda. Maandishi yaliyochapwa usiyapige pasi moja kwa moja, yatayeyuka. Weka kitambaa cha pamba juu yake. Poliesta inataka pasi ya joto la chini. Kanga iliyochakaa ipigie bandi (mishono mirefu ya muda) juu ya kipande cha marekani, yaani pamba isiyotiwa rangi, cha ukubwa uleule, kisha vishone pamoja kama kitambaa kimoja. Kaki na jinzi haziongezewi chochote.

Tengeneza fremu ya kadibodi: nje sm 32 kwa 32, tundu la ndani sm 30 kwa 30. Tundu linakuonyesha kitakachoonekana, na ukingo wa sm 1 ndio wa mshono. Isogeze juu ya nguo mpaka beji, mfuko au maua yakae unapotaka, chora kwa chaki kuzunguka nje, ukate. Fuata uzi wa kitambaa, usikate kwa mshazari, kwa sababu kitambaa cha mshazari huvutika kama mpira. Shati la mtu mzima kwa kawaida hutoa kipande kimoja mgongoni na kimoja mbele. Cha mbele kina vifungo, kwa hiyo shona njia ya vifungo ifungike kabla ya kukata, la sivyo kitaachana mkononi. Kifungo kikae angalau sm 3 kutoka ukingoni ili mguu wa cherehani usikipande.

Kanga ina jambo lake. Pindo na mji (sehemu ya katikati) vinakatika vizuri, lakini jina, yaani msemo ulioandikwa, ni refu kuliko sm 30. Usilikate katikati ya maneno. Msemo uliobaki nusu unaweza kusema jambo ambalo mwenye kanga hakukusudia. Likate zima kama ukanda, ulishone mgongoni mwa mfarishi.

Vipande vitenganishwe kwa mikanda ya rangi moja, ambayo pia hutuliza macho pale kaki inapokutana na kitenge. Nunua mita 2 na nusu za pamba yenye upana wa sm 112, ifue, kisha kata vipande 25 vya sm 8 kwa 32 na mikanda 6 ya sm 8 kwa 152, ukiunga inapobidi. Kinachobaki kitatosha utepe wa ukingo.

Weka sindano mpya namba 90, au 100 ukifika kwenye kaki na jinzi, na hatua ya mshono ya mm 2.5. Kila safu huanza na kuisha kwa mkanda mfupi: mikanda 5, vipande 4. Piga pasi kila mshono kabla ya kuvukwa na mwingine. Safu iliyokamilika ipime. Ikitoka sm 151 au 153, irekebishe ilingane na mkanda mrefu wa sm 152. Usishone mkanda mrefu bila kuupima kisha ukate kinachozidi mwishoni: kila safu itavutika kivyake na mfarishi utakuwa na mawimbi yasiyoondoka kwa pasi.

Tabaka la kati lifuate hali ya hewa. Dar es Salaam au Mombasa, blanketi jepesi lililofuliwa linatosha. Njombe au Limuru weka zito zaidi. Mgongo uzidi kila upande kwa sm 10, yaani sm 170 kwa 206. Shuka la zamani la ukubwa huo linafaa. Doti ya kanga iliyounganishwa haifiki upana, itahitaji nyongeza pembeni.

Tandika mgongo sakafuni, upande mzuri chini, unyooshe bila kuuvuta, ubandike pembezoni kwa utepe wa gundi. Weka blanketi, kisha kitambaa cha juu. Piga bandi kila sm 15 kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, hewa na ziada ya kitambaa hukusanyika katikati, na mikunjo hushonewa mgongoni usione mpaka umalize.

Kwa cherehani, shona ndani ya mistari ya mikanda kwa hatua ya mm 3 hadi 3.5, tena kuanzia katikati. Cherehani ya mguu ikikwama penye mifuko, zungusha gurudumu kwa mkono, au acha kushona na ufunge mafundo: uzi mzito maradufu ushuke na kupanda, fundo mbili, ncha za sm 2, kila sm 15. Ukitumia pamba huru badala ya blanketi, mafundo yasiachane zaidi ya sm 10, vinginevyo pamba itahama na kujikusanya ukifua.

Punguza kingo zote zilingane na kitambaa cha juu. Mabaki ya mikanda yakate vipande 7 vya upana wa sm 6.5, viunge kwa mshazari vifikie zaidi ya mita 6.8, kunja katikati kwa urefu, shona upande wa mbele kwa mshono wa sm 1, geuza nyuma na umalizie kwa mkono.

Sasa rudi kwenye zile karatasi ulizobana kwa pini. Kwenye kipande cha marekani darizi jina la mwenye nguo, jina la mshonaji na mwaka, kisha uorodheshe kila safu: nguo gani, kazi gani, miaka gani. Kalamu isiyofutika inafaa pia, ila ijaribu kwanza kwenye kitambaa kingine na ukifue. Kishone kwenye kona ya chini mgongoni. Mfarishi wenyewe ufue kwa maji baridi na uuanike kivulini ukiwa umetandazwa. Ukining'inizwa kwenye kamba, uzito wa maji huvuta mishono ya kati.