Ukoga wa kijani kwenye majani ya Anubias: anza na taa

Wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam huniuliza sana kuhusu Anubias, mmea wa kupandwa kwenye tangi la samaki. Majani yamejaa vidoa vya kijani, ukifuta kwa kitambaa havisikii. Sababu iko kwenye asili ya mmea wenyewe. Anubias ni wa vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, chini ya kivuli cha miti. Hukua polepole mno, na jani moja hudumu muda mrefu. Jani la namna hiyo likipigwa mwanga mkali kutwa, mwani, yaani ukoga huo, unapata pa kukaa.

Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote, shughulikia taa. Mimi huwasha yangu saa tisa alasiri na kuizima saa tatu usiku, saa 6 tu, kwa kutumia taima ya soketi. Ukirudi kazini jioni bado unawakuta samaki kwenye mwanga. Tangi lililo karibu na dirisha lisogeze, la sivyo weka pazia zito, maana huku kwetu mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kisha hamishia Anubias kwenye kivuli cha mimea mirefu kama Vallisneria. Ifunge kwa uzi juu ya jiwe au kisiki. Shina lake nene usilifukie mchangani, litaoza.

Sasa majani yaliyokwisha kushikwa. Kama ni nyuzi laini, zungusha mswaki wa zamani katikati yake, zitajiviringisha na kutoka. Kama ni vidoa vigumu na vimefunika zaidi ya nusu ya jani, kata kikonyo karibu na shina. Najua inauma kukata jani lililochukua wiki nyingi kukua, lakini halina faida tena kwa mmea.

Majani yenye mwani kidogo hutibika kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa. Zima pampu ya chujio. Vuta kwa sirinji isiyo na sindano, kisha achilia taratibu juu ya jani lenyewe. Usizidishe mililita 1 kwa kila lita 4 za maji ya tangi. Utaona mapovu. Subiri dakika 10 hivi, washa pampu. Mimea ya mosi (moss) na Vallisneria haipendi dawa hii, na uduvi ni dhaifu kwake, waweke mbali.

Badilisha theluthi ya maji kila wiki, na chakula kiwe kile wanachomaliza kwa dakika mbili.

Msaidizi ninayempenda kuliko wote ni konokono Neritina natalensis, mwenyeji wa mikoko ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hukwangua vidoa bila kula jani. Mayai yake meupe hayaanguliwi kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo hawatakujazia tangi.

Ukitaka kivuli cha mimea inayoelea, usichukue gugumaji. Tumeona lilivyolitesa Ziwa Viktoria. Na vipande vyote unavyokata vianike juani mpaka vikauke kabisa, usivimwage mtaroni wala mtoni.