Kabla Hujawaita Wanamuziki Sebuleni: Kuandaa Intafesi ya Chaneli Nane

Wapiga muziki saba waliokuja kurekodi wakishavua viatu mlangoni, muda si wako tena. Mpiga fidla ana harusi jioni, mwimbaji amemwacha mtoto kwa jirani, na mzee wetu wa ganuni anataka nusu saa nzima ya kulegeza na kukaza nyuzi kabla hajaridhika. Wakikukuta umepiga magoti nyuma ya meza unahangaika na chaneli ya tano isiyosikika, soga zitaanza, chai itaongezwa, na ile hamu waliyokuja nayo itapoa. Yamenikuta sebuleni kwangu Magomeni, tena si mara moja. Siku hizi kazi yote ya mashine, yaani intafesi (kile kisanduku kinachoingiza sauti za maiki kwenye kompyuta, kila moja kwa chaneli yake), naimaliza usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Naanza na hesabu, na hapa wengi hukosea dukani kabla hata ya kufika nyumbani. Hesabu vyanzo vya sauti, usihesabu watu. Taarab yetu ndogo ina ganuni, udi, fidla, akodioni, besi, dumbaki na mwimbaji: saba. Lakini ganuni ni pana, na maiki moja huipendelea upande mmoja wa nyuzi ikausahau mwingine, kwa hiyo mimi huipa mbili. Tayari nane zimejaa. Akija mpiga rika (tari ndogo yenye njuga) bila taarifa, sina pa kumweka. Sasa soma namba iliyoandikwa kwenye intafesi kwa tahadhari. Scarlett 18i20, kwa mfano, inasema kumi na nane zinaingia, lakini maiki unazoweza kuchomeka moja kwa moja ni nane tu. Nyingine nane hupitia tundu la mwanga liitwalo ADAT, na mbili hupitia S/PDIF, tundu jingine la sauti ya kidijitali. Bila kifaa kingine cha kuongezea maiki, kumi hizo ni za kwenye karatasi. Anayetaka kurekodi maiki nane anunue mashine yenye vikuza sauti vinane vya maiki, na namba kubwa ya kwenye boksi aiache ilivyo.

Ukinunua mtumba, tazama tundu la kuunganishia kompyuta kabla hujatazama bei. Zipo intafesi nzuri za zamani zinazotumia FireWire, na laptopu za siku hizi hazina tundu hilo kabisa. USB 2.0 ambayo watu huidharau inatosha: chaneli nane za biti 24 kwa kilohezi 48 (yaani sauti hukatwa vipande 48,000 kwa sekunde, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 24) hazifiki megabiti kumi kwa sekunde, na waya ule unabeba hadi 480. Kinachohitaji ukaguzi ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitambua mashine. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta modeli yako na kizazi chake, uone kama kuna draiva ya Windows au macOS uliyonayo leo. Mashine ambayo mtengenezaji ameshaiacha inaweza kuwa nzima kabisa na isikufae kitu.

Kwenye Windows, suala la draiva ndilo lililowahi kunitia aibu. Nilifunga kila kitu, taa nane zikawaka kijani, tukarekodi wimbo mzima. Kucheza, nikasikia ganuni na udi peke yake. Mwimbaji hayupo, dumbaki haipo, besi haipo. Programu yangu ya kurekodi ilikuwa inapokea sauti kwa njia ya kawaida ya Windows, ambayo huigawa mashine katika jozi mbilimbili, na jozi niliyochagua ilikuwa ya kwanza. Dawa yake ni ASIO, mfumo ambao kampuni ya Steinberg ya Ujerumani iliutoa mwaka 1997 ili programu izungumze na kadi ya sauti moja kwa moja na kuziona chaneli zote kwa pamoja. Weka draiva ya ASIO iliyotolewa na mtengenezaji wa intafesi yako, na mara nyingi maelekezo yatakutaka uiweke kabla ya kuchomeka waya wa USB. ASIO4ALL si draiva ya mashine yako, ni daraja tu la kuvukia pale ambapo hakuna cha mtengenezaji. Watumiaji wa Mac wana nafuu hapa, maana Core Audio, mfumo wa sauti wa Mac yenyewe, huziona chaneli zote bila mzozo, ingawa baadhi ya mashine zitakuomba ruhusa kwenye mipangilio ya usalama, na usipoitoa zitakaa kimya kama hazipo.

Programu yenyewe isikutie presha. Audacity ni ya bure na wengi tunayo, ila kwa miaka mingi toleo lake rasmi la Windows halikuja na ASIO kwa sababu za leseni, na ndiyo maana wengi walikwama kwenye chaneli mbili wakailaumu intafesi. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu bila kufungiwa chochote. Yoyote utakayoichagua, fungua traki nane tupu (mistari ya kurekodia, mmoja kwa kila chaneli), kila moja uipe ingizo lake, uiandike jina, kisha hifadhi kama kiolezo. Asubuhi unakifungua, kazi ya dakika ishirini inakuwa imekwisha.

Halafu kuna saa. Kila mashine ya kidijitali ina saa yake ya ndani inayohesabu vipande vya sauti, na mashine mbili haziwezi kila moja kufuata saa yake. Ukiwa na intafesi peke yake, iache ifuate saa ya ndani, uhakikishe tu kwamba kilohezi za kwenye intafesi ndizo zilizo kwenye programu. Mimi hutumia 48, kwa sababu siku hizi kila wimbo huishia kwenye video. Ukiongeza kikuza sauti kingine kwa waya wa ADAT, mmoja awe bwana na mwingine amfuate. Ukisahau, utasikia vidoadoa vya "tik, tik" visivyo na mpangilio, utabadilisha nyaya zote za nyumba na vitabaki palepale. Jingine ni kwamba ADAT hubeba chaneli nane kwa kilohezi 44.1 au 48. Ukipanda hadi 96 zinabaki nne. Kwa sebule yenye feni na kuku wa jirani, sioni kinachopatikana kwenye 96 cha kufidia chaneli nne.

Bafa huwapa watu homa bila sababu. Ni kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia. Bafa ya vipande 128 kwa kilohezi 48 ni kama milisekunde 2.7, ya 512 ni kama 10.7, na sauti ikienda na kurudi unazidisha zaidi ya mara mbili. Sauti hewani husafiri takribani sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo mwimbaji anayejisikia kupitia kompyuta yenye bafa ya 512 ni kama anayeisikia sauti yake kutoka ng'ambo ya ukumbi, zaidi ya mita saba. Ataanza kuburuta. Lakini intafesi nyingi za chaneli nane zina mikisa ya ndani, inayopeleka sauti ya maiki kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta. Tumia hiyo, zima usikilizaji wa ndani ya programu, kisha weka bafa kubwa kadiri upendavyo ili kompyuta ipumue. Matundu ya hedifoni kwa kawaida ni mawili, basi kama unataka watu saba wasikie, tafuta kigawanyio mapema. Sisi taarab tunakaa duara na kusikilizana kwa masikio, hedifoni anavaa mwimbaji tu.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko shida zetu zilikojaa. Intafesi ya chaneli nane kwa kawaida hailishwi na USB, ina adapta yake. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri huku intafesi imekufa, na programu inabaki imeganda ikitafuta kifaa kilichopotea. UPS ndogo (betri ya akiba inayoshika zamu umeme ukikatika) inatosha, kwani intafesi haili umeme mwingi. Ijaribu usiku huohuo: chomoa plagi ya ukutani huku unarekodi, usikilize. UPS za bei ya chini nyingine zikishika zamu hutoa mlio wa nyuki unaoingia hadi kwenye maiki, na heri ukaujua leo. Angalia pia LUKU. Unacheka, lakini uniti zikiisha katikati ya ubeti hakuna programu itakayokuokoa.

Mvumo mzito unaosikika hata hakuna anayepiga ni umeme wetu wa hezi 50. Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukitoweka, mkosaji umempata. Lisha kila kitu kinachohusika kutoka soketi moja kwa ekstensheni moja yenye ethi ya kweli. Najua mazoea yetu ya kutia kifuniko cha kalamu kwenye tundu la ethi ili plagi ya miguu miwili iingie. Kwa redio utasamehewa, kwa mtu aliyeshika gitaa la besi la umeme huku mdomo uko kwenye maiki ya chuma, hapana. Na usikate mguu wa ethi kuua mvumo. Besi ya umeme na kinanda vipitishe kwenye kisanduku cha DI, kinachounganisha chombo cha umeme na tundu la maiki, chenye swichi ya kutenganisha ethi.

Maiki za kondensa zinahitaji volti 48, ile fantomu, umeme ambao intafesi huupeleka kwenye maiki kupitia waya wake. Intafesi nyingi huiwasha kwa makundi, pengine chaneli nne kwa mpigo, kwa hiyo zipange maiki zako kufuatana na makundi hayo. Maiki ya kawaida ya mwimbaji wa jukwaani haidhuriki nayo ikiwa waya ni mzima wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu. Maiki ya utepe, hasa ya zamani, inaweza kuharibika, iweke kundi lisilowashwa. Chomeka kwanza, washa baadaye, na kabla ya kuchomoa zima usubiri kidogo, spika zikiwa chini. Nyaya nazo zipimwe moja moja kwa kuzitikisa shingoni huku unasikiliza. Unaokwaruza uufunge fundo uuweke kando, usiurudishe kwenye kikapu na wenzake. Kila ncha ibandikwe karatasi yenye namba, ncha zote mbili, kwa kalamu ya wino mzito, maana nyuma ya meza ni giza.

Kompyuta haina mengi. Zima masasisho, bluutuuthi na intaneti, ikataze kulala, ikataze pia kuzima matundu ya USB ili kubana umeme. Nafasi ya diski nayo ihesabiwe: chaneli nane za biti 24 kwa kilohezi 48 hula kama megabaiti 69 kwa dakika, yaani takribani gigabaiti 4.1 kwa saa. Mchana wa saa tatu ni gigabaiti 12 na ushei. Tenga 30, na uwe na diski ya pili ya kunakilia kabla wageni hawajaondoka.

Viwango vya sauti ndicho kitu pekee kisichokamilika usiku, kwa kuwa vinahitaji watu. Usimwambie mwimbaji "hesabu moja, mbili, tatu". Atahesabu kwa sauti ya mtu aliye benki. Mwambie aimbe pale kiitikio kinapopanda, na dumbaki apige kama yuko harusini. Vilele vikigota karibu na dB (desibeli) 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha mashine, umefika. Biti 24 zina nafasi tele, hakuna tuzo ya kukaribia nyekundu. Maiki ya mmoja iwe mbali na ya jirani yake angalau mara tatu ya umbali wake na chombo chake, la sivyo sauti zitakapochanganywa zitaanza kulana.

Feni izimwe kabla ganuni haijawekwa sawa. Ina nyuzi zaidi ya sabini na joto la chumba likibadilika zinateleza. Tukiweka sawa chini ya feni halafu tukaizima kwa ajili ya maiki, baada ya nyimbo mbili mzee anaanza upya. Nyakati za adhana ninazo kwenye karatasi ukutani, tunazifanya za mapumziko. Na hapo chai inapoletwa, mashine siizimi. Nafasi ya diski ipo, UPS ipo, naiacha ikimbie, kwa sababu mzee wetu wa ganuni hupiga vizuri kuliko wakati wote anapodhani tunapumzika.