Kuhamisha Kihindi kutoka Devanagari kwenda herufi za Kilatini

Ukibadili लड़का herufi kwa herufi utapata laṛakā, ilhali Wahindi husema laṛkā. Kila konsonanti ya Devanagari, yaani mwandiko wa Kihindi, hubeba a ndani yake, na Kihindi huimeza mara nyingi bila kuiwekea alama. Ugumu wa kazi uko hapo, hatua ya 4.

1. Safisha maandishi. Herufi yenye nukta chini, kama क़, huandikwa kwa msimbo mmoja wa Unicode (U+0958) au miwili (U+0915 na U+093C). Kwa macho ni ileile, kwa programu ni mbili. Pitisha yote kwenye NFC, kanuni ya Unicode ya kusawazisha misimbo, nayo itaziacha zote na misimbo miwili.

2. Kati ya mifumo ya kuandika kwa Kilatini, tumia ISO 15919, usitumie IAST. IAST ni ya Kisanskriti, na ṛ yake ni irabu ऋ. Kihindi kinaihitaji ṛ kwa ड़. ISO huiandika irabu hiyo r̥.

3. Rekebisha ं, nukta ya juu inayoonyesha sauti ya puani. Ikifuatwa na p, ph, b, bh au m, andika m: लंबा, lambā. Kwa konsonanti nyingine n yatosha: हिंदी, hindī. Mwishoni mwa neno irabu hutoka puani: मैं, maĩ.

4. Ondoa a. Anza na ya mwisho: राम ni rām. Iache kwenye neno la herufi moja (न, na), na baada ya konsonanti zilizoungana zinazoishia r, y au v (मित्र, mitra). Kisha rudi kutoka kulia kwenda kushoto: futa a iliyotanguliwa na irabu na konsonanti moja, ikafuatwa na konsonanti moja na irabu. Namakīn huwa namkīn. Namak hubaki, kwa kuwa baada ya k hakuna irabu.

Kosa la kawaida ni kuhesabu jh au ṛh kuwa konsonanti mbili. समझना hubaki samajhanā badala ya samajhnā. Vilevile kanuni haitambui viambishi: असफल huigeuza asphal, ilhali sahihi ni asaphal. Maneno ya namna hii yawekee orodha yake.

5. Tunza nakala ya kabla ya hatua ya 3. Hiyo hurudi Devanagari salama. Kilatini cha ujumbe wa simu hakirudi kwa kanuni: "kam" yaweza kuwa कम au काम, na d ni द au ड.

Msomaji wa Kiswahili umwambie mapema: th ya थाली si ya thamani, wala dh ya धन si ya dhahabu. Hapo h ni pumzi tu.