Mgawanyo wa pamoja wa variabo mbili: chora jedwali kwanza, fomula baadae

Mgawanyo wa pamoja unakwambia uwezekano wa variabo mbili (namba zinazotegemea bahati) kutoka na thamani fulani kwa pamoja. Wengi wanarukia intigro mbili wakati hata hawajui wanatafuta nini, mwisho wa siku wanakariri tu. We chukua kalamu, tuseme unarusha sarafu mara tatu. K ni kichwa, N ni nyuma, matokeo yako 8: KKK, KKN, KNK, KNN, NKK, NKN, NNK, NNN, kila moja 1/8 kama sarafu haina ujanja.

X iwe idadi ya vichwa kwenye mirusho miwili ya kwanza, Y idadi ya vichwa kwenye miwili ya mwisho, yaani mrusho wa katikati wanashea, na hapo ndo utamu ulipo. Jaza uwezekano wa kila jozi:

| | Y=0 | Y=1 | Y=2 |
|---|---|---|---|
| X=0 | 1/8 | 1/8 | 0 |
| X=1 | 1/8 | 2/8 | 1/8 |
| X=2 | 0 | 1/8 | 1/8 |

Ile 2/8 ya kati ni KNK na NKN. Na sifuri ya juu? X=0 maana yake mrusho wa pili ulitoka N, sasa Y atavitoa wapi vichwa viwili? Jedwali zima lazima lije 1, lisipokuja usiendelee.

Jumlisha kila mstari unapata 1/4, 1/2, 1/4, huo ni mgawanyo wa X peke yake, ukishuka chini unapata wa Y, namba zilezile. Ila ukipewa hizo jumla za pembeni tu huwezi kurudi ndani ya jedwali, na watu hapa ndo wanapopigwa kwenye mtihani. Mwenzako akirusha mara nne, X yake miwili ya kwanza, Y yake miwili ya mwisho, pembeni anapata sawasawa na wewe, lakini kwenye X=0, Y=2 yeye ana 1/16 we una sifuri. Kuzidisha pembeni kwa pembeni ni ruksa kwake tu, maana X na Y zake zinajitegemea, hazina mrusho wa kushea.

Ukiambiwa X=2 imeshatokea, funika mistari mingine, gawanya 0, 1/8, 1/8 kwa 2/8, unabaki na 0, 1/2, 1/2. Uwezekano wa Y=2 umepanda toka robo mpaka nusu.

Variabo endelevu (zile zinazoweza kuchukua thamani yoyote, kama urefu) mchezo ni uleule, unaweka intigro pale ulipojumlisha.

Kovariansi (kipimo cha jinsi X na Y zinavyopanda na kushuka pamoja) nayo iko humohumo: wastani wa XY ni 10/8, wa X ni 1, wa Y ni 1, toa 1×1 kwenye 10/8 inabaki 1/4, ambayo ni variansi (kipimo cha kutawanyika) ya mrusho mmoja tu, ule wanaoshea.