Kulima ndani ya msitu wa serikali: mche ndio wenye shamba

Serikali nyingi hukuza misitu yao ya kupandwa kwa mikono ya wakulima. Asiye na ardhi hupewa kipande kilichokwisha kuvunwa miti, analima chakula chake, na papo hapo anapalilia miche ya serikali mpaka matawi yashikane na kivuli kifunge, yaani miaka mitatu hivi. Utaratibu huu, ambao wataalamu huuita taungya, ulianza Burma karne ya 19 kwenye mashamba ya mitiki. Kenya unajulikana kama mfumo wa shamba, na serikali imewahi kuupiga marufuku zaidi ya mara moja, sababu mojawapo ikiwa kwamba mazao yalistawi na miche ikafa.

Kabla ya kutia jembe, shika karatasi yenye namba ya kipande, mipaka, mazao yanayoruhusiwa na tarehe ya kutoka. Ruhusa ya mdomo huisha siku bwana misitu anapohamishwa.

Miche ikipandwa mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba kama 1,100 tu. Kwa macho ya mkulima hapo pana nafasi tele, na ndipo mstari wa mahindi unaposogezwa mpaka mguuni pa mche. Acha duara la nusu mita kuzunguka kila mche na jembe lisiingie humo. Magugu ya ndani yang'oe kwa mkono: mizizi ya mche mchanga iko juujuu, na ikikatwa wakati wa mvua majani hayasemi kitu. Kiangazi ndicho kinachofichua.

Maharage mafupi, viazi mviringo na mboga hukaa vizuri na miche. Maharage ya kutambaa huupanda mche na kuupinda shina. Mihogo iache kabisa, kwa kuwa kuichimba ni kuchimba na mizizi ya mti. Migomba na miwa nayo haiondoki muda ukiisha. Kukata matawi ili mazao yapate jua, bila agizo la bwana misitu, ni kujidanganya: kovu hubaki shinani na mkaguzi hulisoma. Mabaki usichome, yalaze katikati ya mistari kukinga mteremko. Ukingo wa kijito usiguswe. Mbuzi wabaki nyumbani.

Lakini lawama zote zisibebwe na mkulima. Asiyejua atalima wapi kivuli kikifunga ana kila sababu ya kuombea mche ufe, na wapo wanaousaidia kufa. Vikundi vya wakulima vidai ratiba ya maeneo yatakayovunwa miti, na vipande vipya vigawiwe mapema, kabla ya mvua. Kipande kinachogawiwa mvua zikiwa zimeshika hupandwa mahindi na miche kwa pamoja, na kufika mwezi wa pili tangu kupanda, miche haionekani.