Kutoka Jukwaani hadi Mbele ya Kamera: Mwongozo kwa Mwigizaji wa Mombasa
Anza jukwaani, kwa mfano katika Little Theatre Club hapa Mombasa, kwa sababu huko utajifunza kuitoa sauti tumboni hadi imfikie aliyeketi safu ya nyuma kabisa. Kamera haitaki hivyo: ikikusogelea, hata kope ikitikisika huonekana, kwa hiyo punguza ishara za mikono na useme kama unayezungumza na jirani barazani. Jirekodi kwa simu ukisema maneno yaleyale kwa namna zote mbili, kisha ulinganishe. Kwa maoni yangu, hakuna zoezi lenye faida kuliko hili. Onyesho likirudiwa kupigwa picha mbele ya kamera, kumbuka kikombe ulikiinua kwa mkono upi na kwenye neno lipi, la sivyo picha hazitaungana. Kimvita chako kihifadhi, ila kizoee pia Kiswahili sanifu.